Jinsi ya kuotesha silia ya seli, kuiona na kuihesabu kwa haki

Kijana mmoja kutoka Arua, anayejifunza kazi kwetu, alinijia juzi na sahani yake ya visima 24, uso umemshuka. "Dada, nimezinyima seramu siku mbili kamili kama ulivyoniambia. Mbona hazijaota silia?" (Seramu ni majimaji ya damu ya mnyama, ndiyo chakula cha seli zetu.) Nikaiweka sahani chini ya hadubini. Seli zilikuwa chache, zimetawanyika kama nyumba za kijijini, kila moja imejinyoosha kuelekea upande wake. Nyingine zilikuwa zimejiviringa, ziko katikati ya kugawanyika. Nikamwambia: hizi hazijapumzika, na seli isiyopumzika haioti silia, ule unywele mdogo unaochomoza juu ya seli.

Karibu yote nitakayoeleza hapa yanatoka kwenye jambo hilo moja. Mimi ni fundi wa maabara hapa Kampala, huu ni mwaka wangu wa tisa. Nilizaliwa Malaba, upande wa Uganda, baba akiendesha lori kati ya Mombasa na Kampala, ndiyo maana Kiswahili ndicho kilichonilea. Silia nimezishika kwa sababu ya mjomba wangu, nitamfikia.

Kwanza ujue unachotafuta. Kuna silia za njia ya hewa, zile zinazosukuma makohozi. Hizo ni nyingi juu ya seli moja, zinapigapiga, na ukizikata kwa upana utakuta jozi 9 za mikrotubuli, mirija midogo ya protini, zimezunguka mikrotubuli 2 za katikati. Sizo hizo. Silia ya awali ni moja tu kwa kila seli, haipigi, na katikati yake hamna kitu: jozi 9 za pembeni basi. Kwenye seli tunazotumia huwa na urefu wa mikromita 3 hadi 5 hivi, unene robo ya mikromita. Mjerumani Zimmermann aliieleza mwaka 1898 kwenye seli za wanyama wanyonyeshao, lakini kwa miongo mingi wengi waliiona kama masalia yasiyo na kazi. Heshima ilikuja mwaka 2000, ilipoonekana kwamba jeni iliyoharibika kwenye panya wenye figo za vifuko, yaani zilizojaa vifuko vya maji, ni ile ile inayohitajika na mwani mdogo, Chlamydomonas, kujenga mikia yake ya kuogelea. Tangu hapo watu waliacha kuidharau. Sasa tunajua ni mahali ambapo seli hunusa na kusikiliza jirani: ishara ya Hedgehog, inayopanga vidole na ubongo wa mtoto tumboni, hupokelewa humo. Karibu kila seli ya mrija wa figo huisimamisha ndani ya njia ya mkojo.

Sasa chagua seli. Usianze na HeLa, seli za saratani, kwa kuwa tu ndizo zilizojaa kwenye tangi la naitrojeni. Seli nyingi za saratani huota silia kwa shida au haziioti kabisa. Chembe nyeupe za damu na seli za ini zenyewe usizisumbue, ingawa seli za mirija ya nyongo ndani ya ini hilo hilo zinaota. Mimi humwanzisha kila mgeni na RPE1, seli za binadamu za utando wa nyuma ya jicho. Ni tulivu, zinajilaza bapa, na silia zake hulala kiasi cha kupimika. Ukitaka figo, tumia IMCD3 za panya, lakini ujue silia zake husimama wima kama mlingoti, na kitu kilichosimama ukikitazama kutoka juu unaona nukta tu. Waliopima urefu wa silia za IMCD3 kwenye picha moja bapa wamepima kivuli.

Kabla ya chochote pima mikoplasma, bakteria wadogo sana wanaojificha kwenye seli za maabara. Seli zenye mikoplasma haziumwi waziwazi, zinakuharibia tu matokeo, na DAPI, rangi inayong'arisha DNA, itakuonyesha vumbi la nukta nje ya kiini.

Kupanda ndiko wengi wanakoharibu, kwa hiyo nitakaa hapo. Weka vioo vidogo vya duara vya milimita 12 kwenye visima 24, kimoja kwa kila kisima. Panda RPE1 kama 60,000 kwa kisima, kwenye midia (majimaji ya kukuzia seli) ya DMEM/F12 yenye seramu asilimia 10. Lengo ni kwamba kesho yake asubuhi seli ziwe zimegusana pande zote, zimebanana bila kupandana. Kubanana si pambo. Seli yenye nafasi kubwa hujitanua, ikajaza nyuzi za aktini zilizokazwa, na aktini iliyokazwa huzuia silia. Seli iliyobanwa na jirani hulegea, ikaota. Kijana wangu alikuwa amepanda 15,000.

Ukishapanda usizungushe sahani kama unakoroga chai. Maji yanayozunguka hukusanya seli zote katikati, ukapata rundo katikati na jangwa pembeni. Isukume taratibu mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Halafu iache juu ya meza, ndani ya kabati la hewa safi, dakika 20 bila kuigusa, seli zitue zenyewe kabla hujaipeleka kwenye inkubeta. Ukiipeleka mara moja, joto lisilo sawa huzisukumia ukingoni. Dakika hizo 20 vijana huziona za kupoteza. Mimi huzitumia kuandika daftari.

Kuna jambo la Kampala ambalo maelekezo yaliyoandikwa pwani za Ulaya hayatakwambia. Tuko kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni karibu asilimia 87 ya lile la usawa wa bahari. Inkubeta ikisema kabonidioksaidi ni asilimia 5, ni asilimia 5 ya hewa iliyo nyepesi, kwa hiyo gesi inayoingia kwenye midia ni pungufu na midia inapanda kidogo kuelekea upande wa alikali. Tofauti si kubwa, seli hazifi. Ila ukiona midia yako inaelekea waridi badala ya rangi ya chungwa iliyoiva, pandisha gesi hadi asilimia 5.7 hivi. Sisi tumefanya hivyo na tumeacha kulaumu seramu.

Umeme ukikatika, usifungue mlango wa inkubeta. Hilo ndilo la kwanza na la pili. Inkubeta iliyofungwa, yenye sinia ya maji chini, hushika joto muda mrefu kuliko unavyodhani, na kila anayefungua "kuangalia tu" humwaga joto lote na gesi yote. Bandika karatasi mlangoni, andika saa ulipokatika na saa uliporudi. Kama ni zaidi ya saa mbili, sahani za silia mimi huzitupa. Seli za kuendeleza tu zinaweza kuvumilia. Lakini silia ninayotaka kuihesabu lazima niijue ilipita nini, na seli iliyopoa ikapashwa tena siijui.

Sasa kuzifungisha, ndivyo tunavyosema kwetu, kama mtu anayefunga Ramadhani. Asubuhi seli zikiwa zimebanana, toa midia yenye seramu. Osha mara mbili kwa midia isiyo na seramu, iliyopashwa hadi nyuzi 37. Mara moja haitoshi, kwa sababu matone yanayobaki kisimani ni seramu tosha ya kuziambia seli ziendelee kugawanyika. Mimina kwa ukuta wa kisima, si juu ya seli. Kisha weka midia yenye seramu asilimia 0.5, au isiyo na seramu kabisa, uziache saa 24 hadi 48. Visima vitatu uviache na seramu yao asilimia 10 kama mashahidi, ukiwa umevipanda kwa idadi ndogo ili navyo visibanane. Vikibanana vitaota silia hata vikiwa vimeshiba, na hutakuwa na cha kulinganisha nacho.

Kwa nini njaa huotesha silia? Seramu imejaa vichocheo vya kukua. Ukiviondoa, seli inatoka kwenye mzunguko wa kugawanyika na kuingia kwenye utulivu. Kila seli ina sentrioli mbili, ya zamani na ya baadaye, mama na binti. Wakati wa kugawanyika sentrioli zinasimamia zile kamba zinazovuta kromosomu. Wakati wa utulivu mama anaachiliwa, anakwenda kuwa shina la silia. Mama hawezi kuwa shambani na jikoni kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kila mara ninaposikia "silia hazijaota", swali langu la kwanza ni kama kuna kitu kinazilazimisha seli zifanye kazi.

Yanayotokea ndani katika saa hizo ni mazuri mno kuyaruka. Sentrioli mama pekee ndiye mwenye mikono kwenye ncha yake, viambatisho 9, na mmoja wa protini za mikono hiyo ni CEP164. CEP164 humwita kimeng'enya kiitwacho TTBK2. Kabla ya hapo sentrioli zote mbili zimevaa kofia, protini CP110, inayozuia mikrotubuli zisirefuke. TTBK2 akifika, kofia ya mama inavuliwa. Ya binti inabaki. Hilo unaweza kuliona kwa macho yako: paka CP110 kwenye seli isiyo na silia utahesabu nukta mbili au zaidi, kwenye seli yenye silia utahesabu moja. Nilipoliona mara ya kwanza nilimwita mlinzi wa jengo aje atazame, kwa sababu wenzangu wote walikuwa wameshaondoka.

Wakati kofia inatoka, vifuko vidogo vya utando vinakuja kutua kwenye ile mikono, vinaungana kuwa kifuko kimoja kinachomfunika mama kichwani. Protini Rab11 na Rab8 ndio wanaoongoza mizigo hiyo. Mikrotubuli zinaanza kurefuka chini ya kifuko, zinakisukuma, na mwisho kifuko kinaungana na utando wa nje wa seli. Kwenye RPE1 haya yote huanzia ndani, ndiyo maana silia yake mara nyingi imekaa kwenye mfuko kama kalamu iliyochomekwa mfukoni. Kwenye seli za figo mama hupanda kwanza hadi juu ya seli, ndipo silia inaota ikiwa tayari iko nje.

Ndani ya silia hakuna ribosomu. Hakuna protini hata moja inayotengenezwa humo, kila tofali linatoka mwilini mwa seli na kupelekwa. Na kuna mpaka. Hapa mimi hukumbuka nyumbani Malaba: malori yamejipanga, kila moja lina karatasi zake, na bila karatasi huvuki. Pale shinani mwa silia kuna ukanda wa mpaka wenye protini kama CEP290, unaokagua nini kiingie na nini kitoke. Malori ni msururu wa protini ziitwazo IFT. Kinesini-2 ndiye dereva wa kwenda nchani, amebeba tubulini ya kujengea. Daineni-2 ndiye dereva wa kurudi, akisaidiwa na kundi la IFT-A. Kundi jingine la protini 8, BBSomu, hushughulika zaidi na kuondoa vipokezi ambavyo havitakiwi kukaa humo. Silia haisimami kwa kuwa ilishajengwa. Inasimama kwa sababu malori hayajakatika.

Turudi mezani. Saa zimetimia. Kabla ya kukaza seli, yaani kuzigandisha kwa dawa zibaki kama zilivyo, weka sahani juu ya barafu dakika 20 hadi 30. Ni ujanja wa zamani na bado naupenda. Mikrotubuli za kawaida za seli huyeyuka kwenye baridi, za silia ni ngumu hazitikisiki. Kwa hiyo ukipaka kingamwili ya tubulini iliyoasetiliwa (tofali la mikrotubuli lililobandikwa kemikali ya asetili), badala ya kuona silia imezama kwenye msitu wa nyuzi, unaiona peke yake, kijiti king'aacho juu ya giza. Kama una mpango wa kutazama nyuzi za seli zenyewe kwenye slaidi hiyo hiyo, acha barafu.

Kukaza: formaldehaidi asilimia 4, dakika 10, au methanoli iliyokaa friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, dakika 5 hadi 10. Formaldehaidi hulinda umbo vizuri. Methanoli huzifungua protini za sentrioli, na gama-tubulini bila methanoli mara nyingi hukataa kung'aa. Mimi hutumia formaldehaidi ikifuatiwa na methanoli kwa dakika chache ninapotaka vyote viwili. Formaldehaidi iwe mpya. Ile chupa iliyofunguliwa tangu mvua za Machi itakupa seli zenye ukungu.

Kupaka rangi sitakuchosha nako, ni kama kazi nyingine yoyote ya kingamwili: toboa utando kwa sabuni ya Triton asilimia 0.1, ziba kwa albumini asilimia 3 nusu saa, kingamwili ya kwanza saa moja, osha mara tatu, ya pili saa moja gizani, osha, DAPI, funika. Ninachosisitiza ni alama mbili, kingamwili zilizotoka kwa wanyama wawili tofauti: moja ya silia, moja ya shina. Kwa mfano kingamwili ya sungura ya ARL13B, protini inayokaa kwenye utando wa silia, pamoja na gama-tubulini ya panya, inayoonyesha sentrioli. Kijiti bila nukta shinani si silia. Inaweza kuwa uchafu, inaweza kuwa daraja lililobaki kati ya seli mbili zilizotoka kugawanyika, nalo hung'aa sana kwa tubulini iliyoasetiliwa na limewadanganya wengi.

Kuhesabu. Lenzi ya mafuta ya 63 au 100. Pandisha na kushusha fokasi kwenye kila uwanja, kwa sababu silia haikai usawa mmoja na kiini. Hesabu viini vyote, kisha silia zenye shina. Seli zisizopungua 100 kwa kisima, ikiwezekana 200, na jaribio lote urudie siku tatu tofauti, si visima vitatu vya siku moja. Kwa RPE1 zilizofungishwa vizuri saa 48 natarajia seli 7 hadi 9 katika kila 10 ziwe na silia, na kwenye mashahidi walioshiba zisifike 2. Nikiona nusu kwa nusu pande zote, narudi kuangalia upandaji kabla sijaandika neno lolote kuhusu jeni au dawa.

Na uhesabu bila kujua. Mwenzako afunike majina ya slaidi kwa karatasi, aandike namba, akae na orodha. Mwaka wangu wa pili nilihesabu jaribio zima huku najua kipi kina dawa na kipi hakina. Matokeo yalikuwa mazuri, yalinifurahisha, nikayawasilisha. Mwalimu wangu alinituma nikahesabu upya kwa namba, na tofauti ikayeyuka. Sikuwa nimedanganya kwa makusudi. Silia fupi nilizihesabu upande nilioutaka, nikaziacha upande mwingine. Tangu siku hiyo sihesabu slaidi yenye jina.

Kuna hatua moja zaidi ambayo wanaoanza huisahau, nayo ni kuirudisha seramu. Chukua visima vilivyofunga saa 48, vipe seramu asilimia 10, kisha ukaze vingine papo hapo, vingine baada ya saa 2, 6 na 24. Utaona silia zikipungua, kwa kawaida kwa mawimbi mawili: moja kwenye saa 2 za mwanzo, jingine linakaribia saa 24, seli zinapojiandaa kugawanyika. Kinachozibomoa kinaanza na kimeng'enya Aurora A, akiamshwa na protini HEF1. Aurora A humwamsha kimeng'enya kingine, HDAC6, naye huondoa asetili kwenye tubulini za silia. Umeona mtego ulipo? Kama alama yako ni tubulini iliyoasetiliwa peke yake, silia inaweza kuonekana imetoweka kumbe imepoteza asetili tu. Kwa jaribio hili ARL13B ni lazima. Usipokuwa nayo usilifanye.

Ukishazoea silia nzima ndipo utaweza kusoma zilizoharibika, na umbo litakusimulia kosa liko wapi. Seli imetulia, Ki-67 (alama ya seli zinazogawanyika) haipo, lakini hakuna silia kabisa: tazama mwanzo wa safari, CEP164, TTBK2, au malori ya kwenda. Silia fupi yenye ncha iliyovimba kama rungu: malori yanafika lakini hayarudi, mizigo imerundikana. Tafuta daineni-2 au IFT-A. Silia yenye umbo zuri lakini ARL13B imefifia: chunguza mpaka. Wenye ugonjwa wa Joubert, ambao picha ya ubongo wao kwenye MRI huonyesha umbo la jino la gego, mara nyingi wana hitilafu kwenye protini za mpaka huo. Jeni ya CEP290 peke yake ikiharibika kwa namna hii mtoto huzaliwa na upofu, kwa namna ile anapata Joubert, kwa namna nyingine Meckel, ambapo mtoto haishi. Sijawahi kuacha kushangaa kwamba jeni moja inaweza kutoa huzuni za aina tofauti hivyo.

Lakini usifanye kosa la kusema silia nyingi ni afya na silia chache ni ugonjwa. Kwenye figo za vifuko za watu wazima silia ipo, ndefu na imesimama. Kilichokosekana ni polisistini, protini ambazo hukaa juu yake, zinazotokana na jeni PKD1 na PKD2. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwa panya kwamba ukiondoa polisistini na silia yenyewe pia, vifuko vinakua taratibu kuliko ukiondoa polisistini ukaiacha silia. Maana yake silia isiyo na polisistini inatuma ujumbe mbaya, na ni afadhali ingenyamaza. Ukihesabu slaidi za seli za mgonjwa wa namna hii utapata idadi ya kawaida, na utaandika kwamba hamna tatizo.

Mjomba wangu ndiye mgonjwa wa namna hii. Presha ilimpata ana miaka 33. Kliniki aliyokuwa akienda ilimwambia kwa miaka mingi kwamba ni presha tu, akawa anameza vidonge na kubeba magunia mpakani kama kawaida. Mkojo ulipotoka na damu ndipo akapigwa ultrasaundi, figo zikaonekana zimejaa vifuko vya maji, kila moja imekuwa kubwa kuliko inavyopaswa. Babu, baba yake, alikufa amevimba, na ukoo ulisema karogwa. Kulikuwa na jirani aliyehama kwa sababu ya tuhuma hiyo. Nikikaa kwenye hadubini usiku namfikiria jirani yule kuliko hata babu.

Kwa hiyo fundi wa maabara, ukijua haya, yapeleke nyumbani. Ugonjwa huu ukiwa kwa mzazi mmoja, kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuurithi, mvulana na msichana sawasawa. Uliza kwenye ukoo: nani alikuwa na presha kabla ya miaka 40, nani alikojoa damu, nani alikufa kwa figo, nani alianguka ghafla kwa damu kuvuja kichwani, maana mishipa ya ubongo nayo huweza kudhoofika. Andika majina kwenye karatasi, mchore mti. Aliye na mzazi mgonjwa na umri wa miaka 15 hadi 39, ultrasaundi ikionyesha vifuko vitatu au zaidi kwenye figo zake mbili kwa jumla, anao. Isipoonyesha kitu akiwa na miaka 20, bado hajatoka, arudie baadaye. Akifika 40 figo zikiwa safi, apumue. Aliye nao adhibiti presha kwa makini, apunguze chumvi, na aache kununua diklofenaki dukani kila mgongo ukiuma. Kuna dawa, tolvaptani, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2018 kupunguza kasi ya ugonjwa. Ni ghali, na lazima ini lifuatiliwe. Presha ndiyo iliyo mikononi mwetu leo.

Kidole cha sita kisikutishe. Kwetu watoto wengi huzaliwa na kidole cha ziada pembeni ya kidole kidogo, na wengi wao hawana ugonjwa wowote. Lakini kidole cha ziada pamoja na mtoto kutoona usiku, na kunenepa tangu miaka ya mwanzo, na figo zisizo sawa, hayo yakikutana ni picha ya Bardet-Biedl, ile inayotokana na hitilafu ya BBSomu. Huyo apelekwe kwa daktari wa watoto na wa macho bila kusubiri akue.

Mjomba ana watoto wanne. Mkubwa alipimwa akiwa na miaka 31, yuko salama mpaka sasa. Wa pili anao, anameza dawa ya presha na ameacha magunia, anauza simu. Mdogo kabisa bado ni mtoto, tunampima presha tu. Wa tatu ana miaka 19 na amekataa ultrasaundi. Sijamlazimisha. Kila nikienda Malaba nabeba mashine yangu ya presha, tunakaa nje kwenye mkeka, nampima mkono wa kushoto mara mbili, namwonyesha namba, tunaendelea kunywa chai.